Kidonge cha masikio ndo kilichonigandisha miguu

Ndugu Mhariri,

Assalaam aleikum. Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua za wasomaji, na kama itakuwa ndefu naomba uivumilie, maana nimeiandika kwa siku nne. Mkono wangu hauiwezi tena kalamu hivo mi nasema na mwanangu wa kike anachapa kwenye simu.

Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Makorora, nina miaka 68, na huu mwaka wa saba naishi na ugonjwa wa Parkinson, huu ambao wengi huku wanauita ugonjwa wa kutetemeka. Lakini leo siandiki habari ya kutetemeka, kutetemeka kila mtu anakuona. Naandika habari ya kichwa na masikio, vitu ambavyo hamna anayeviona, na habari ya kidonge kimoja kidogo cha bei rahisi nilichouziwa cha kutuliza masikio kikanifanya nishindwe kuvuka kizingiti cha chumba changu mwenyewe kwa karibu miezi mitatu.

Nimefanya kazi korona miaka 22. Kwa wasiojua, korona ndo ile mashine ya kuchakata mkonge, majani yanaingia mabichi upande huu yanatoka singa upande ule, na mlio wake ukisimama karibu humskii mwenzako hata akikupigia kelele sikioni, tulikuwa tunaongea kwa mikono. Enzi zetu hamna aliyetuambia tuzibe masikio. Na yale mabaki ya mkonge yana harufu ambayo mtu wa Tanga hahitaji kuelezwa. Sasa kama miaka minne hivi kabla sijaambiwa naumwa nini, siku moja nikamwambia mke wangu naona siku hizi korona hainuki tena, akaniangalia sana, akasema inanuka vilevile baba, nguo zako nafua mimi, labda pua yako. Tukaacha hapo. Baadaye ndo daktari akanieleza kwamba kupotewa na harufu ni moja ya dalili za mwanzo kabisa za ugonjwa huu na inaweza kutangulia miaka mingi kabla mkono haujaanza kucheza. Mwandiko wangu nao ulianza kuwa mdogo mdogo kama wadudu chungu, mkono wa kulia ukawa hauning'inii nikitembea, bega likawa gumu. Yote hayo nilisema uzee na kazi nzito.

Kwa kifupi, ndani ya ubongo kuna sehemu inatengeneza kitu kinaitwa dopamini, hicho ndo kinaufanya mwili utembee bila kuufikiria, sasa zile chembe zinazokitengeneza zinakufa taratibu. Daktari James Parkinson wa London aliueleza ugonjwa huu mwaka 1817 ndo maana unaitwa jina lake. Dawa kubwa mpaka leo ni levodopa ikichanganywa na kabidopa, mwili unaigeuza ile levodopa kuwa dopamini. Haiponyeshi, ila inakurudishia mwili wako kwa masaa kadhaa. Mi nakunywa mara nne kwa siku.

Haya, kichwa sasa.

Kichwa changu hakianzii kichwani. Kinaanzia kisogoni kinashuka kwenye mabega yote mawili, yaani kama nimebeba mzega wa maji na debe zimejaa huku na huku, na huwa kinakuja nikiwa nimesimama, nikiwa sokoni, nikiwa kwenye safu msikitini, nikilala kinaondoka. Mwaka mzima nilisema ni shingo tu imekakamaa, na kweli shingo inakakamaa, Parkinson inafanya misuli iwe kama kamba ya mkonge iliyolowa ikakauka, na shingo ngumu peke yake inaweza kukuletea kichwa. Lakini daktari mmoja akafanya kitu ambacho hamna aliyewahi kunifanyia, akanipima presha nimelala, halafu akaniambia simama, akangoja kama dakika tatu akapima tena. Nimelala ilikuwa 142 ile ya juu, nimesimama ikawa 108. Akasema ikishuka 20 tu tunahesabu ni tatizo, wewe yako imeshuka 34. Kumbe ugonjwa wenyewe unaharibu mishipa ya fahamu inayoipandisha presha mtu akiinuka, na dawa zetu nazo zinaishusha, basi damu haifiki vizuri juu na misuli ya shingo na mabega inalalamika. Mzega wangu ule una sababu! Nilikuwa nakunywa na dawa ya presha ya kupanda, daktari akaipunguza yeye mwenyewe (naomba mtu asisome hapa akaacha dawa zake za presha, mi zilipunguzwa na daktari baada ya vipimo). Akaniambia ninywe maji ya kutosha, nikiamka nikae kwanza ukingoni mwa kitanda nichezeshe miguu ndo nisimame. Vitu vya bure kabisa. Mzega ulipungua ndani ya wiki mbili tatu.

Lakini kulikuwa na kichwa kingine, hiki cha kubana paji la uso kila asubuhi, na hiki nilijitengenezea mwenyewe. Kila siku nilikuwa nakunywa dawa za maumivu. Asubuhi viwili, mchana viwili, usiku viwili, na ikizidi naongeza ile nyekundu. Daktari akaniuliza kwa mwezi ni siku ngapi unakunywa, nikasema siku zote. Akaniambia mtu akinywa hizi parasetamoli au ibuprofeni siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa miezi mitatu na kuendelea, zinaanza zenyewe kuleta kichwa, na zile zenye mchanganyiko wa dawa zaidi ya moja ni siku 10 tu. Nikaacha kwa kusimamiwa naye. Siku kumi za kwanza sitazisahau, nililala na kitambaa cha maji baridi usoni, mke wangu amekaa pembeni anafukuza watoto wasipige kelele. Halafu kikaanza kulegea. Sasa hivi natumia mara moja moja, na siku nilizotumia naziwekea alama kwenye kalenda ya ukutani.

Masikio ndo habari nyingine.

Wazee wenzangu wa Tanga watanielewa nikisema ni ule mlio wa kwinini. Sisi tumekua na malaria, na kwinini tumeinywa na tumechomwa, tunajua siku ya pili masikio yanavyovuma kama nyenje wameingia kichwani, tena huku kwetu Wajerumani walikuja kuipanda ile miti yenyewe ya mkwinini kule Amani juu ya Muheza. Tofauti ni kwamba kwinini ukiimaliza dozi mlio unaondoka, huu wangu hauondoki. Usiku na mchana, mwembamba, upande wa kulia zaidi. Mchana kuna bodaboda, kuna watoto, kuna redio ya jirani, nausahau. Usiku wa saa sita umeme umekatika feni imesimama hamna hata jani linalotikisika, hapo ndo unasikia korona nzima iko ndani ya fuvu lako, na ukifikiria kwamba utakuwa nao mpaka kufa unaanza kulia, mi nimelia, sioni haya kusema.

Nilipelekwa kwa daktari wa masikio, pua na koo. Kwanza akatoa nta, sikio la kushoto lilikuwa limeziba kabisa, na hapo peke yake kelele ikapungua kidogo. Halafu akanipima usikivu akasema sauti nyembamba sizisikii tena, kelele za korona zimeua zile nywele ndogo za ndani ya sikio na haziwezi kuota tena, na ubongo ukikosa sauti unajitengenezea ya kwake. Akaniuliza dawa ninazokunywa, maana aspirini kwa wingi inaleta mlio, na hizo za maumivu nilizokuwa natafuna ovyo nazo zinaweza. Lakini akasema neno moja nililolishika: mlio wa sikio moja tu, au mlio unaopiga pamoja na mapigo ya moyo, usikae nao nyumbani, njoo uangaliwe. Wangu ulikuwa pande zote mbili na haupigi na moyo, kwa hiyo akasema tujifunze kuishi nao.

Sasa Mhariri hapa ndo nafika kwenye lile lililonifanya niandike.

Kabla ya huyo daktari wa masikio, nilikwenda duka moja la dawa, silitaji na wala sina ugomvi nalo. Nikamwambia kijana nasikia kizunguzungu na masikio yanalia. Hakuniuliza kitu. Mkono ulikuwa unatetemeka juu ya kaunta yake anaona. Akanipa sinarizini, kidonge kidogo, akasema mzee kunywa kimoja mara tatu utapata nafuu. Na kweli wiki ya kwanza kizunguzungu kilitulia, nikarudi nikanunua tena, nikamsifia.

Wiki ya tano miguu ikaanza kuganda. Nafika mlangoni, kizingiti kile kile nilichokivuka miaka 30, miguu inagoma kama imepigiliwa misumari, mwili unataka kwenda mbele na nyayo hazitaki. Nikaanza kutokwa na mate. Uso ukakauka hata wajukuu wakawa wananiuliza babu umekasirika. Nikashindwa kujigeuza kitandani, mke wangu ananigeuza kama gunia na yeye mwenyewe ana mgongo. Nyumbani wakaanza kusema kwa kunong'ona kwamba ugonjwa umefika mwisho. Nikapelekwa hospitali nikaongezewa dozi ya levodopa, haikusaidia, wakaongeza tena, nikaanza kuota mchana watu ambao hawapo.

Aliyeniokoa ni daktari kijana kabisa wa kike, sidhani kama amefika miaka 30. Alimwambia mwanangu nenda nyumbani lete kila dawa iliyopo, hata ya kienyeji, hata ya mwaka jana. Mwanangu akaleta mfuko wa rambo umejaa. Yule daktari akaumwaga wote mezani akaanza kuokota kimoja kimoja anasoma yale maandishi madogo, akaufikia ule mkanda wa sinarizini akausukuma pembeni kwa kidole akasema, baba, hiki nani kakupa?

Akanieleza hivi. Levodopa inaleta dopamini, lakini dopamini ili ifanye kazi lazima iingie kwenye mapokezi yake ndani ya ubongo. Hiki kidonge kinaziba mapokezi. Yaani mtu anakuchotea maji ndoo kwa ndoo na wewe mdomo wa mtungi umeufunika, ataleta mpaka kesho, maji yatamwagika tu sebuleni. Sinarizini inaweza kumletea mtu mzima kabisa dalili za Parkinson ambaye hana Parkinson, hasa mzee, sembuse sisi tulio nayo. Na akasema ina ndugu zake: flunarizini ambayo watu wanapewa ya kuzuia kipandauso, prokloperazini ya kizunguzungu na kutapika, metoklopramidi ya kichefuchefu, haloperidoli ya wagonjwa wa akili. Angalieni hapo. Kichwa, masikio, kizunguzungu, kichefuchefu, ndo hasa malalamiko ya mtu wa Parkinson, na dawa zake za haraka haraka ndo hasa hizo zinazotuumiza. Na kwenye boksi majina ya biashara ni mengi, ni lazima usome yale maandishi madogo ya chini.

Tukaiacha. Haikuwa kesho yake nikapona, ilichukua zaidi ya miezi miwili miguu kurudi pale ilipokuwa, dozi ikarudishwa chini na wale watu wa mchana wakaondoka. Kuna siku nawaza wazee wangapi wamelala vitandani Tanga hii, Pangani, Korogwe, Lushoto, wanaambiwa wamefika mwisho na kumbe kuna mkanda wa vidonge chini ya mto.

Siongezi chumvi. Kule wilaya ya Hai, Kilimanjaro, watafiti walishawahi kupita nyumba kwa nyumba kutafuta wagonjwa wa Parkinson, na wengi waliowakuta walikuwa hawajawahi kuambiwa na mtu kwamba wana ugonjwa huo. Hapa mtaani mi mwenyewe nimeambiwa jini, nimeambiwa kiharusi, nimeambiwa nimerogwa na mwenzangu wa kazi kwa sababu ya cheo. Nikawauliza barazani, Muhammad Ali aliyekuja Dar mwaka 1980 na Papa Yohane Paulo wa Pili aliyekuja 1990, hao wote waliishi na ugonjwa huu, nao walirogwa na mtu wa korona? Wakanyamaza. Mwingine akaniletea mbegu za upupu, kasikia zinatibu. Na si uongo mtupu, mbegu za upupu kweli zina levodopa ndani yake, ila huwezi kujua mbegu moja ina kiasi gani na mi tayari nakunywa vidonge vyenye kipimo, hivo nilimshukuru nikaziweka kando na nikamwambia daktari.

Niseme na yanayonisaidia, labda kuna mwenzangu anasoma. La kwanza ni chakula, na hili liliniuma maana mi chai yangu ya asubuhi miaka yote ni mahamri na mbaazi za nazi. Kumbe mbaazi, maharage, samaki, nyama, mayai, vyote vyenye protini vinagombania mlango mmoja na levodopa, ukinywa kidonge pamoja na bakuli la mbaazi kidonge kinabaki nje. Sasa nakunywa dawa kwa maji matupu, nangoja nusu saa, nakunywa chai na mahamri peke yake au muhogo, na mbaazi zangu nazila usiku. Tangu nimefanya hivo asubuhi yangu imekuwa nyepesi, na nimegundua dawa ikiwa inafanya kazi vizuri na kichwa kinatulia na hata ule mlio siushughulikii. Dawa ikiisha nguvu kabla ya muda, wasiwasi unapanda, shingo inabana, na mlio unapanda nao, vyote vinakuja pamoja kama wageni wa msibani.

Mwaka juzi Ramadhani nilifunga kwa siri, sikumwambia mtu. Siku ya tatu nikaanguka chooni. Maji hamna mwilini, presha chini, dozi za mchana nimeziruka, kichwa kilipasuka. Sheikh wetu alipojua alinikaripia kwa upole akasema Mungu amemruhusu mgonjwa asifunge na wewe ugonjwa wako hauna siku ya kupona ukalipa, lisha maskini. Sasa nalisha. Na baada ya kuanguka kule nilipelekwa kupigwa picha ya kichwa, hili naomba lisomwe vizuri: sisi tunaanguka sana, na mzee akianguka akagonga kichwa halafu baada ya siku au hata wiki kadhaa kichwa kinaanza kuuma, analala lala, anachanganyikiwa, inaweza kuwa damu imevujia ndani. Msiseme ni Parkinson tu. Kichwa cha ghafla kikali kuliko vyote ulivyowahi kupata, au kinachokuja na mdomo kwenda upande, au homa na shingo kukaza, hicho ni cha kukimbia hospitali usiku huo huo.

Kwa ajili ya masikio mwanangu alinifanyia kitu ambacho sitakisahau. Alikwenda Raskazone jioni upepo wa kusi unavuma akakaa kwenye mawe akarekodi mawimbi kwenye simu nusu saa nzima, na sasa usiku wananiwekea pembeni ya mto, sauti ndogo tu, chini kidogo ya ule mlio, si ya kuuzima, ya kuusindikiza. Daktari wa masikio alisema ndivyo inavyotakiwa, ukimya ndo adui. Umeme ukikatika simu inaendelea. Pamoja na mawimbi kuna mbwa mmoja anabweka mara mbili kama dakika ya kumi na nane hivi, na siku hizi mara nyingi simfikii huyo mbwa, nakuwa nimeshalala.

Na baiskeli. Mtu anayeganda mlangoni anaweza kuendesha baiskeli! Madaktari wanalijua hili, miguu iliyogoma kutembea ikipewa pedali inakwenda. Mi najishikiza ukutani, mwanangu wa kiume ananishikia mpaka nikae, halafu tunakwenda wote barabara za ndani asubuhi kabla ya magari. Shingo inalegea, mabega yanalegea, mzega unashuka.

Ombi langu ni moja tu na linawahusu wauza dawa wote wa mkoa huu. Akija mtu mzima analalamika kichwa, kizunguzungu au masikio, kabla hujanyoosha mkono kwenye shelfu muulize, mzee unakunywa dawa gani nyingine, na muangalie mikono. Hilo swali linachukua sekunde tano, mi kukosekana kwake kulinichukulia miezi. Na ninyi mnaoishi na wazazi wetu, fungueni hiyo mifuko ya dawa mmwage mezani.

Mi sasa natembea na karatasi kwenye mfuko wa shati, mwanangu kaipigia plastiki. Imeandikwa: Nina ugonjwa wa Parkinson. Nakunywa levodopa saa 12 asubuhi, saa 5, saa 10 jioni na saa 3 usiku, msinicheleweshee. Msinipe sinarizini, flunarizini, prokloperazini, metoklopramidi wala haloperidoli bila kuongea na daktari wangu. Nikishindwa kuongea sijalewa, ningojeni kidogo. Juzi nilikwenda kununua dawa ya mafua Ngamiani nikaitoa nikaiweka kaunta kabla sijasema lolote. Dada aliyekuwepo akaisoma mpaka mwisho, akairudia, akaingia ndani kidogo, alipotoka akaniuliza baba naweza kuipiga picha niibandike hapa nyuma kwa ajili ya wenzangu wa zamu. Nikamwambia piga mwanangu, piga hata mbili.

Wasalaam,

Mstaafu wa korona,
Makorora, Tanga